Simon, Mwambie Baba

Kwa miaka kumi na mmoja Jenifer alikaa umbali wa shamba moja la migomba kutoka kwa baba mkwe wake, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kumtazama usoni. Alimjua kwa viatu vyake, kwa kikohozi chake cha asubuhi, na kwa jinsi alivyopanda mti. Akimwona anakuja, alitoka njiani, akageukia majani, akasubiri apite. Jina lake hakulitamka hata mara moja. Wanyakyusa huiita desturi hiyo kutila. Maana yake ni kuogopa, ingawa si woga wa kumwogopa mtu mbaya. Ndiyo heshima ya mke wa mtoto kwa baba wa mumewe. Siku hizi nyumba nyingi za Lufingo zimeilegeza, na wapo wakwe wanaokula meza moja wakiangalia taarifa ya habari. Nyumba ya mzee Nsajigwa haikulegeza kitu.

Mzee huyo kazi yake ilikuwa kupanda miti. Mti ukiwa umesimama mahali pabaya, juu ya paa la watu au kando ya nyaya za umeme, hauwezi kuangushwa mzima. Lazima mtu apande mpaka juu na msumeno wa petroli, aukate kipande kwa kipande, na kila kipande kishushwe kwa kamba. Chini anatakiwa mtu wa kuishika kamba hiyo, aliyeizungushia kwenye shina, anayejua wakati wa kuachia na wakati wa kukaza. Kwa miaka minane mtu huyo alikuwa Obed, mtoto wa mzee na mume wa Jenifer. Jioni Obed alikuwa akifunga mafundo kwenye mguu wa meza na kumwonyesha mkewe, kwanza kwa mchezo, halafu kwa kweli. Kazi za mbali, za Masukulu na kwingine, walikwenda wote, na Obed akichoka Jenifer alimpokea.

Obed alifariki mwezi wa tatu wa mwaka juzi, kwa figo, hospitalini Mbeya. Jenifer ndiye aliyemuuguza. Mzee alibaki Lufingo na wajukuu na ng'ombe, akaenda Mbeya siku ya kuchukua mwili.

Meshaki, mwenye kikosi chao cha kukata miti, alimpa Simon kamba. Simon alikuwa fundi wa msumeno wa chini, kijana wa makamo mwenye mdomo mwepesi na mikono mizito. Wiki ya pili akaachia tawi likaingia jikoni kwa watu, likavunja sufuria na bakuli. Mwenyewe ndiye aliyesema, "Mimi niacheni na msumeno. Kamba mpeni Jenifer." Meshaki akaja nyumbani kumwomba, na Jenifer akakubali kabla hajamaliza kuulizwa.

Watu walidhani haitawezekana, lakini iliwezekana. Jenifer hakuhitaji kumwangalia mzee usoni. Alitazama kamba, na tawi, na soli za viatu vyake huko juu. Mzee naye akitaka kitu alimpigia kelele Simon. Kwa mwaka mzima walifanya kazi hivyo, na hakuna bati lililotoboka.

Kilichoharibu mambo ni hedseti.

Meshaki alipata kazi ya kupunguza miti kandokando ya barabara ya shamba moja la chai, na watu wa shamba wakasema hawataki kikosi kinachopigiana kelele. Walitaka kila mtu awe na helmeti yenye hedseti, ili aliye juu na walio chini wasikilizane hata msumeno ukinguruma. Meshaki akaenda kwa Amri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Tukuyu mjini, ambaye babu yake alitoka Tanga na ambaye hakuna kitu alichowahi kusema hana. Baada ya wiki tatu Amri akawaita wote dukani. Juu ya kaunta zilikuwa helmeti nne za rangi ya machungwa, kila moja ina vifuniko vya masikio, na kwenye kifuniko cha kushoto kijiti kilichokuja mbele ya mdomo.

"Rayyan, binamu yangu, amezitafuta Dar nzima," Amri alisema. "Hakuna kubonyeza. Unavaa, unasema, wote wanasikia. Kama mmekaa sebule moja."

"Inakula vocha?" Simon akauliza.

"Haili vocha. Inakula chaji. Na wewe utaimaliza kabla ya saa nne, kwa mdomo huo."

Wakavaa, wakatoka barazani kujaribu. Jenifer alikuwa wa mwisho kukaza mkanda wa kidevu. Mara masikioni mwake ikaingia pumzi ya mtu, nzito kidogo, halafu kikohozi anachokijua, lakini si kwa mbali ng'ambo ya migomba; kilikuwa karibu kuliko mto wa kulalia. Alivua helmeti haraka hadi kitambaa chake kikaanguka. Upande wa pili wa baraza mzee naye alikwisha ivua ya kwake, ameishika kwa mikono miwili, anatazama ukuta.

"Ina shoti?" Amri akauliza.

"Haina shoti," Simon akasema. "Ni mkwe wake."

Amri akawatazama, akaelewa, maana amezaliwa Tukuyu. "Bwana Meshaki," akasema polepole, "hilo mimi sina spea yake."

Walianza kazi kwenye shamba la chai Jumatatu. Jenifer aliivaa helmeti, kwa sababu bila helmeti haruhusiwi kuingia. Mzee pia aliivaa. Wakatafuta namna, na namna waliyoipata ilikuwa hii.

"Simon," Jenifer anasema, "mwambie baba kamba iko tayari."

"Baba, kamba iko tayari," anasema Simon.

"Mwambie alegeze kidogo," anasema mzee.

"Jenifer, legeza kidogo."

Wote wanne wamesikia kila neno mara ya kwanza. Hata hivyo Jenifer halegezi mpaka Simon aseme, na mzee hakati mpaka Simon aseme, maana neno ambalo halijapitia kwa Simon lilikuwa bado halijafika.

"Simon, hivi mimi nakulipa kwa kazi gani?" Meshaki aliuliza siku ya tatu.

"Posta," Simon akajibu. "Na mizigo naomba muipunguze, nina tawi hapa."

Mkaguzi wa shamba hakucheka. Alivaa helmeti ya Meshaki kwa nusu saa, akasikiliza, akairudisha. Alisema hajui matatizo yao ya nyumbani wala hataki kuyajua, ila mtu aliye mita ishirini juu hawezi kungoja mkalimani. Kama mshika kamba hawezi kusema na mpandaji, abadilishwe mmoja. Aliwapa mpaka mwisho wa wiki inayofuata.

Huyo mmoja wa kubadilishwa kila mtu alijua ni nani. Mpandaji mwingine kama mzee hayupo Rungwe nzima. Mshika kamba anaweza kupatikana, na Meshaki alikuwa ameshasikia habari za mtu mmoja wa Masukulu aitwaye Nelson. Alimwambia Jenifer akiwa amechuchumaa, anachora chini kwa kijiti.

"Sikufukuzi. Utabeba matawi. Hela nitaangalia."

"Kubeba matawi anaweza yeyote."

"Najua."

"Kamba ndiyo kazi yangu, kaka Meshaki."

"Basi sema naye, dada yangu. Neno moja tu. Sijakwambia umpikie chai mkae."

Jioni hiyo alikwenda kwa mama mkwe wake, Veronika, ambaye kwake hakuna katazo. Veronika alikuwa akimenya ndizi za usiku. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Mchungaji alishakuja kwa hilo," akasema. "Alipokufa Obed. Akamwambia mzee, huyu binti sasa ni kama mwanao, achana na mambo ya zamani. Unajua alijibuje? Alisema, mwanangu ninaye, huyu ni mke wa mwanangu."

Jenifer akaokota ganda lililoanguka chini.

"Ukiacha kumtila unakuwa nani kwake?" Veronika akaendelea. "Unakuwa mwanamke tu anayekaa pale jirani. Hivyo ndivyo anavyoona yeye. Anaona siku atakayokusemesha, ndiyo siku ameshakubali kwamba Obed hayupo. Mimi nimempigia kelele. Hasikii."

"Na mimi naona hivyo hivyo, mama," Jenifer akasema.

Veronika akaacha kumenya. Akamtazama, kisha akamsogezea sinia. "Basi nyote wawili mna vichwa vya mawe. Haya, nisaidie ndizi."

Alhamisi ya wiki ya mwisho kazi ya shamba la chai ilisimama kwa mvua, na Meshaki akawapeleka kwenye kazi ndogo ya Lufingo. Ulikuwa mkaratusi mrefu ulioegemea ukumbi wa kanisa. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlimani ukatulia, na manyunyu yakawa yanakuja na kwenda. Mzee alipanda. Kama ilivyo kawaida alikuwa na kamba mbili: moja ya kumshika yeye mwenyewe, iliyofungwa kwenye panda la juu, na nyingine ya kushushia vipande, ambayo mwisho wake ulikuwa mikononi mwa Jenifer. Kiunoni alikuwa na uzi mwembamba wa kuvutia vifaa.

Petroli ikapungua. Meshaki akachukua pikipiki kwenda kuitafuta. Simon akaenda barabarani kuwasimamisha bodaboda, maana tawi lililofuata lilikuwa refu; akapita kona, nyuma ya kilima, na hapo sauti yake ikaanza kukatika masikioni mwa Jenifer, kisha ikapotea kabisa. Jenifer aliona si neno. Tawi lilikwisha fungwa na maelekezo yote yalikwisha tolewa. Alichobakiza ni kushika.

Msumeno ukawaka huko juu. Upepo ukasukuma ukungu, na kwa muda mfupi mti wote ukaonekana. Jenifer akiwa amesimama pembeni aliona kitu ambacho mzee, aliyekuwa upande wa pili wa shina, hakuweza kukiona. Mzee alipojisogeza kupata mahali pa kukanyaga, kamba yake mwenyewe ilikuwa imelegea ikaangukia nyuma ya tawi. Sasa ililala palepale tawi lilipoungana na shina, upande ambao meno ya msumeno yatatokea.

"Simon," akasema, "mwambie baba asimame."

Kimya.

"Simon. Mwambie baba azime. Simon, unanisikia?"

Msumeno uliendelea. Unga wa mbao ulimwagika mweupe kwenye ukungu. Jenifer alijua kwamba mzee amesikia, kwa sababu hedseti haina siri. Alijua vilevile kwamba hakusikia. Kwa wiki mbili mzee alikuwa ameyafundisha masikio yake yaiache sauti ya mke wa Obed ipite kama upepo, asubiri ya Simon. Yeye mwenyewe ndivyo alivyoyafundisha ya kwake. Ilikuwa adabu, na walikuwa wameifanya vizuri.

Kulikuwa na upana wa vidole vitatu vya mti kati ya msumeno na kamba, labda viwili.

"Baba," Jenifer akasema. "Zima msumeno. Kamba yako iko nyuma ya tawi."

Msumeno ukazima.

 Katika sikio la Jenifer ilikuja pumzi ile nzito, na manyunyu yakigonga helmeti ya mtu mwingine. Aliona mkono wa mzee ukizunguka shina, ukipapasa nyuma ya tawi, ukaikuta kamba, ukatulia hapo. Jenifer hakuilegeza kamba ya kushushia.

"Imeguswa," sauti ya mzee ikasema. Baadaye kidogo ikasema, "Ngozi ya juu imekatika. Ndani sijui. Wewe unaona?"

Simon hakuwepo wa kulipokea swali hilo. Jenifer akajibu mwenyewe.

"Sioni kutoka huku. Usiiegemee. Jifunge kwenye shina kwa mkanda."

"Nimejifunga."

"Nakuletea kamba ya akiba. Shusha uzi."

"Nashusha. Uko upande gani?"

"Upande wa ukumbi. Sogeza kushoto. Hapo. Nimeupata."

Ilichukua zaidi ya robo saa. Akafunga kamba ya akiba kwenye uzi, mzee akaivuta, akaifunga juu, akamwomba aijaribu kwa uzito wake, naye akaining'inia kwa mikono miwili mpaka viatu vikaacha majani. Walisema maneno mengi kuliko waliyokuwa wamesema maishani mwao, maana walikuwa hawajasema hata moja, na yote yalikuwa ya kamba. Katikati yake Simon alirudi kwenye kona. Alifungua mdomo, akasikia wanaozungumza ni nani, akaufunga. Baadaye Meshaki alikataa kuamini sehemu hiyo.

Mzee alishuka taratibu. Alipofika chini Jenifer alikuwa ameshahamia nyuma ya gari la kikosi, amechuchumaa, uso ameugeuzia matairi. Alisikia viatu vikipita mbali, kwa kuzunguka, kama siku zote. Hapo ndipo alipolia kidogo, akakumbuka maiki iko mdomoni, akaizima.

Usiku hakulala vizuri. Mzee alikuwa hai, na hilo lilitosha. Lakini aliwaza habari ya kesho. Huenda mzee angekataa kwenda. Huenda angesema sasa yameisha, huyu si mke wa mtu tena, na angempita njiani kama anavyompita muuza vitumbua.

Saa kumi na mbili asubuhi Veronika akabisha hodi, bado amejifunga khanga ya kulalia.

"Nimetumwa," akasema. "Nimeambiwa niseme kama nilivyoambiwa, nisiongeze chumvi. Anasema, huko juu ni kazini, na hapa chini ni nyumbani. Mkiwa na hizo kofia mtasemeshana habari za kazi. Mkizivua, wewe ni mke wa Obed, na yeye ni baba yake Obed, na njia yake ni ile na yako ni hii."

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo. Na akasema ndaga." Ndaga kwao ni asante. Veronika akafunga khanga upya. "Miaka thelathini na nne nimempikia, hiyo ndaga mimi nimeihesabu kwa vidole. Haya, nenda kazini."

Jumatatu iliyofuata mkaguzi alisikiliza nusu saa nyingine. Alisikia "kaza," "achia," "subiri," na "sawa." Akairudisha helmeti bila neno. Nelson wa Masukulu hakuitwa. Simon alilalamika kwamba amefukuzwa posta bila kiinua mgongo.

Zikapita wiki sita. Walikuwa Matwebe, kwenye kiwanja cha shule, wakipunguza migrevilea iliyozeeka. Mnyororo wa msumeno wa mzee ulikuwa butu, akaushusha kwa uzi ili Simon aunoe, naye akabaki juu, amekaa kwenye panda, akingoja. Meshaki alikuwa kwenye lango. Kwenye hedseti ilisikika tupa ya Simon ikikwaruza, na watoto wakiimba jedwali la kuzidisha darasani.

"Mama Prisca," mzee akasema.

Prisca ndiye mtoto mkubwa wa Jenifer. Mzee hakuwa amemwita chochote kabla ya hapo. Alikuwa akianza tu na neno la kazi.

"Abee, baba."

Akakaa kimya muda mrefu, mpaka Jenifer akadhani chaji imeisha.

"Ulikuwa naye wewe peke yako," mzee akasema. "Kule Mbeya. Mama yake alikuuliza, akaniambia. Lakini anavyosimulia yeye, kila mtu anakufa kama malaika."

Tupa ya Simon ikaacha kukwaruza.

Jenifer alitazama chini, kwenye majani. Alikuwa na kamba mkononi ingawa hakukuwa na kitu mwisho wake.

"Alikuwa na maumivu, baba," akasema. "Siku tatu. Ya nne walimpa dawa, akapata nafuu kidogo. Kitanda cha jirani kulikuwa na mzee mmoja wa Chunya anayekoroma, Obed akawa anamwiga, tukacheka mpaka nesi akaja. Chai ya kule hakuitaka, alisema ni maji ya kuoshea vikombe. Usiku alilala. Nilikuwa nimemshika mguu, maana mikono ilikuwa na sindano. Asubuhi nikaona umepoa."

"Hakuagiza kitu?"

Angeweza kutunga. Watu wengi wangetunga.

"Hakuagiza. Nadhani hakujua kama anakwenda."

Upepo ukapita juu, matawi yakasogea, na manyoya ya maua ya mgrevilea yakamwangukia Jenifer begani. Katika sikio lake mzee alikuwa akipumua kwa mdomo.

"Na mimi nilimwambia ng'ombe hawana mtu," akasema. "Nilimwambia kwenye simu. Nitakuja Jumamosi, nikamwambia, ng'ombe hawana mtu."

"Aliniambia. Alisema ni kweli hawana."

"Alisema hivyo?"

"Alisema, baba akija, nani atakamua."

Simon alikuwa amekaa juu ya gogo, tupa mapajani, anaangalia upande wa choo cha shule. Meshaki kule langoni alikuwa amewapa kisogo. Wote wawili walisikia kila kitu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulizungumzia baadaye, hata Simon.

Mzee akakohoa. Akasafisha koo.

"Simon," akasema, "mnyororo umefikia wapi?"

"Tayari, baba."

"Ufunge kwenye uzi."

Simon akaufunga, mzee akauvuta juu, wakasikia akiuweka mahali pake na kukaza nati. Jenifer akaizungusha kamba ya kushushia kwenye shina mara mbili, akaweka mguu wa kulia nyuma. Akainua macho mpaka kwenye soli za viatu, akaishia hapo.

"Nianze na hili la kusini," mzee akasema. "Ni zito."

"Ngoja nizungushe mara moja zaidi," Jenifer akasema.

Mzee akangoja.